Masikio mazito, hatua nzito: Kutosikia kunavyochangia wazee kuanguka

FERI inapokaribia gati la Luanda Kotieno, kelele huwa nyingi kuliko maneno. Injini hunguruma, mlango wa chuma hushushwa nchi kavu kwa kishindo, makanga huita abiria wa Ndori na Kisumu, nao waendeshaji bodaboda hupiga honi wakigombea wateja wa kwanza.

Katika purukushani hiyo, abiria kijana hahitaji kugeuka. Masikio yake yamekwisha kumwarifu kuwa pikipiki inakuja kutoka nyuma, upande wa kulia, na mguu wake umesogea kabla hata hajaiona.

Mzee anayeshuka nyuma yake hana bahati hiyo. Honi humfikia kama mvumo wa mbali usiojulikana unakotoka. Pikipiki inapompita ubavuni hugutuka, hugeuka ghafla, na mguu uliokuwa hewani hukosa pa kutua.

Akianguka, jamaa watasema ni uzee, au ni miguu, au ni macho. Ni nadra mtu kusema kuwa ni masikio.

Hata hivyo, tafiti za zaidi ya mwongo mmoja sasa zinaonyesha kuwa mtu mzima asiyesikia vyema yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka kuliko mwenzake wa umri ule ule anayesikia barabara. Aidha, hutembea polepole zaidi na huchoka upesi.

Luanda Kotieno, ambayo isichanganywe na mji wa Luanda ulioko Kaunti ya Vihiga, ni kituo cha feri na wavuvi katika eneo la Uyoma, Rarieda, Kaunti ya Siaya. Ndipo wasafiri wa kuelekea Mbita, Kaunti ya Homa Bay, huanzia safari ya kuvuka mdomo wa Ghuba la Winam. Yanayoelezwa katika makala haya hayahusu ufuo huu pekee, lakini hapa yanaonekana bayana: mteremko, mawe yenye utelezi, giza la alfajiri na makelele.

Mizigo miwili, daftari mbili

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka. Katika orodha ya vifo vinavyosababishwa na majeraha yasiyokusudiwa, kuanguka ni cha pili baada ya ajali za barabarani. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika mataifa ya kipato cha chini na cha wastani, na wanaoathirika zaidi ni waliopita umri wa miaka 60.

Shirika hilo hilo, katika ripoti yake ya kwanza kuhusu usikivu duniani iliyotolewa Machi 2021, lilisema kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kati yao, milioni 430 wanahitaji matibabu au msaada. Miongoni mwa watu waliotimu umri wa miaka 60 na kuendelea, zaidi ya nusu wana upungufu huo, hata kama kwa wengi ni mdogo.

Kwa muda mrefu mizigo hii miwili iliandikwa katika daftari tofauti. Aliyevunjika nyonga alipelekwa wodi ya mifupa, na asiyesikia alipelekwa kliniki ya masikio, iwapo alipelekwa kokote. Daktari wa huku hakuuliza habari za kule.

Mnamo 2012, Frank Lin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na Luigi Ferrucci wa Taasisi ya Kitaifa ya Uzee nchini Marekani walizifungua daftari hizo mbili kwa pamoja. Walichunguza takwimu za watu 2,017 wa kati ya miaka 40 na 69 ambao walikuwa wamepimwa masikio na kuulizwa iwapo walikuwa wameanguka katika mwaka uliotangulia.

Waligundua kuwa mtu aliyepungukiwa na usikivu kwa desibeli 25, kiwango ambacho madaktari hukiita kidogo, alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa aliwahi kuanguka. Kila upungufu ulipoongezeka kwa desibeli 10, uwezekano huo ulipanda kwa mara 1.4.

Ili msomaji apate kuvipima vipimo hivi, mnong'ono ni takriban desibeli 30 nayo mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kwa hivyo, hatuzungumzii kiziwi asiyesikia hata radi. Tunamzungumzia mama anayesema, "Rudia, sijakusikia," au mzee anayeongeza sauti ya redio huku wajukuu wakiziba masikio.

Nyumba moja, wapangaji wawili

Kwa nini sikio liwe na neno katika mambo ya miguu? Jibu la kwanza limo ndani ya sikio lenyewe.

Ndani kabisa ya mfupa wa kichwa, nyuma ya kiwambo cha sikio, mna chumba kidogo chenye majimaji. Humo huishi wapangaji wawili. Mmoja amejipinda mfano wa kombe la konokono, na kazi yake ni kusikia. Mwingine ana mifereji mitatu iliyopinda kama nusu duara pamoja na vifuko viwili, na kazi yake ni kuuarifu ubongo jinsi kichwa kinavyogeuka, kinavyoinama na kinavyokwenda.

Wapangaji hawa hutumia majimaji ya namna moja na vinyweleo vya aina moja, na habari zao hupitia mshipa mmoja wa fahamu hadi kwenye ubongo. Kinachoidhuru nyumba hii, iwe ni homa, sumu ya dawa au uzee, huweza kuwadhuru wote wawili.

Ujuzi huu si wa jana. Mnamo 1861, daktari Mfaransa Prosper Menière, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya viziwi jijini Paris, alieleza kuwa kisunzi kinachoandamana na kupungukiwa na usikivu hutoka katika sikio la ndani, ilhali madaktari wenzake waliamini kuwa hutoka kwenye ubongo. Mwaka wa 1914, Robert Bárány alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa kiungo hicho cha mizani ya mwili.

Kisa cha kustaajabisha zaidi kilitokea baharini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wanajeshi wa majini wa Marekani pamoja na shirika la anga za juu la NASA waliwachunguza wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet, wengi wao wakiwa wamepoteza usikivu utotoni kutokana na homa ya uti wa mgongo. Walipopelekwa kwenye bahari iliyochafuka, watafiti walitapika na kulala hoi. Viziwi wale walicheza karata kwa raha zao.

Homa iliyoharibu usikivu wao ilikuwa pia imeharibu viungo vya mizani, na ndiyo maana mawimbi hayakuwa na la kuwatenda. Wao walikuwa vijana wenye macho makali na misuli imara, hivyo walizoea kutembea bila msaada wa sikio. Mzee wa miaka 75 ambaye macho na misuli yake vimeanza kumchoka hana akiba ya namna hiyo.

Ni vyema kutahadhari hapa. Si kila asiyesikia amepoteza mizani, wala si kila anayeyumba ni kiziwi. Isitoshe, Lin na Ferrucci walipohesabu pia hali ya viungo vya mizani vya watu waliochunguzwa, uhusiano kati ya usikivu na kuanguka haukutoweka. Maana yake ni kwamba ujirani wa wapangaji hawa wawili ni sehemu tu ya maelezo.

Ubongo unapolemewa

Sehemu ya pili ya maelezo inahusu kazi ya ubongo. Kutembea huonekana jambo jepesi kwa sababu kwa kawaida hatulifikirii. Kwa hakika, kila hatua hudai hesabu: mguu utue wapi, uzito uhamie upande gani, jiwe lile likwepwe vipi.

Mtu asiyesikia vyema hutumia sehemu kubwa ya nguvu za ubongo wake kujaribu kuunganisha vipande vya maneno. Akitembea huku akizungumza, kazi mbili hugombania mtumishi mmoja, na mara nyingi kinachopuuzwa ni mguu.

Mnamo 1997, watafiti nchini Sweden waliwafuatilia wazee 58 waliokuwa wakitunzwa katika makao yao. Walipokuwa wakitembea nao, walianzisha mazungumzo. Wazee 12 walilazimika kusimama ili wajibu. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka.

Jaribio hilo halikuwa la masikio, lakini linatufunza jambo ambalo kila familia inaweza kulitazama. Ukimwona babu akisimama kila anaposemeshwa njiani, usimharakishe. Amekuonyesha kuwa kutembea kwenyewe kumekuwa kazi inayohitaji akili yake yote.

Sehemu ya tatu ni habari tunazopewa na sauti. Mlio wa kandambili juu ya changarawe humweleza mtu ardhi ilivyo. Mwangwi wa ukuta humwambia kuwa chumba ni chembamba. Kengele ya baiskeli, kwato za ng'ombe na kilio cha mtoto aliyeko sakafuni ni ramani ambayo macho hayaioni. Ramani hiyo ikifutika, mtu hutembea katika dunia iliyo finyu, ya mbele tu.

Sehemu ya nne huja polepole, na pengine ndiyo inayoumiza zaidi. Asiyesikia huchoka kuomba watu warudie maneno. Huacha kwenda kwenye baraza, huacha chama, na huketi kanisani nyuma kabisa. Hatimaye hubaki nyumbani.

Misuli isiyotumiwa hudhoofika. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa wazee wenye upungufu wa kusikia walipata alama za chini katika vipimo vya mizani na mwendo, na walitembea umbali mfupi zaidi katika dakika mbili walizopewa. Kwa hivyo, aliyejitenga kwa sababu ya masikio huishia kuwa na miguu dhaifu, na miguu dhaifu humzidishia sababu za kujitenga.

Giza, injini na dawa

Mwili hujisimamisha kwa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Shahidi mmoja akikosekana, wawili waliobaki humtetea mtu. Wawili wakikosekana, kesi imeharibika.

Ufuoni mwa ziwa, macho hukosekana mara kwa mara. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mashua hurejea alfajiri. Mchuuzi anayeshuka kuzipokea hukanyaga mawe yenye ukungu wa maji na nyavu zilizotandazwa za kuanikia. Akiwa na ugonjwa wa kisukari uliomtia ganzi nyayoni, au mtoto wa jicho, shahidi wa sikio ndiye tegemeo lake la mwisho. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipopanda kupita kiasi na kuvamia fuo nyingi, hata njia zilizozoeleka kwa miaka mingi ziliwageuka wenyeji.

Ziwa lenyewe lina mchango wake katika kuyadhuru masikio. Nahodha wa mashua huketi karibu na injini kwa saa nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani hushauri kuwa mtu asikae katika kelele za desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kelele ikizidi, muda upunguzwe. Sheria za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Hata hivyo, kanuni hizo hutekelezwa viwandani, wala hakuna mkaguzi anayeingia ndani ya mashua.

Ongeza mashine za kusaga unga, muziki wa matatu, na disko matanga ambapo vipaza sauti huwekwa hatua chache kutoka kwa waombolezaji. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena.

Dawa nazo zina hesabu yake. Kwa miaka mingi, kwinini ilikuwa tegemeo dhidi ya malaria, na wengi waliomeza wanakumbuka masikio yakivuma kama nyuki. Kwa kawaida mvumo huo ulikoma dawa ilipomalizika. Streptomisini, sindano iliyogunduliwa mwaka wa 1943 na kuokoa maelfu ya wagonjwa wa kifua kikuu, ilidhuru mizani ya mwili kuliko hata usikivu. Kanamisini, iliyotumiwa kutibu kifua kikuu sugu, ilidhuru zaidi usikivu, na sasa Shirika la Afya Duniani halipendekezi itumike kwa ugonjwa huo.

Jentamisini ingali inatumika hospitalini, na ni dawa yenye manufaa makubwa ikitolewa kwa kipimo. Mgonjwa asiikatae, bali amweleze daktari mapema iwapo masikio yalikuwa na shida tangu awali, au iwapo anaanza kuyumba akiwa katika matibabu.

Je, tiba ya sikio huzuia kuanguka?

Hili ndilo swali ambalo wataalamu walilisubiria jibu kwa muda mrefu, maana kuonyesha kuwa mambo mawili huandamana si kuthibitisha kuwa moja huzaa jingine.

Jibu lilianza kupatikana kutokana na jaribio lililofanywa Marekani na kuwahusisha wazee 977 wa kati ya miaka 70 na 84. Nusu walipewa vifaa vya kusaidia kusikia pamoja na mafunzo ya kuvitumia. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya ya jumla. Walifuatiliwa kwa miaka mitatu.

Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka wa 2023, yalihusu uwezo wa akili. Uchanganuzi uliofuata ulionyesha kuwa kundi lililopewa vifaa lilianguka mara chache zaidi, kwa asilimia 27, kuliko lile jingine. Kwa kuwa kuanguka hakukuwa swali kuu la jaribio hilo, wataalamu wanashauri matokeo hayo yapokewe kwa tahadhari. Hata hivyo, yanatia moyo.

Tatizo ni kuvipata vifaa hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa ni asilimia 17 tu ya watu duniani ambao wangefaidika na vifaa hivyo wanaovitumia. Mzee anayetegemea Sh2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii hawezi kukinunua kifaa, sembuse betri zake. Mkazi wa Uyoma huanzia hospitali ya Madiany, na akihitaji mtaalamu wa masikio, pua na koo huenda akalazimika kufunga safari hadi Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Kwa mtu ambaye tayari hatua zake si za kutegemewa, safari hiyo yenyewe ni mtihani.

Eneo hili si geni kwa suala la uziwi. Shule ya viziwi ya Nyang'oma, karibu na Bondo, imewafunza watoto tangu miaka ya mapema ya 1960. Lakini uziwi wa mtu mzima, ule unaokuja kimyakimya, haujapata shule wala mtetezi. Huchukuliwa kuwa desturi ya uzee.

Yanayowezekana bila fedha nyingi

Kuna mengi yanayowezekana kabla ya kifaa cha kusikia kununuliwa. La kwanza ni kuchunguzwa sikio katika kituo cha afya kilicho karibu. Baadhi ya watu hawasikii kwa sababu tu nta imeziba njia, na nta huondolewa na mhudumu kwa muda mfupi. Kuichokoa kwa njiti ya kiberiti, ufunguo au unyoya huisukuma ndani zaidi na huweza kutoboa kiwambo. Sikio linalotoa usaha halifai kupuuzwa kwa mtoto wala kwa mtu mzima.

Anayepoteza usikivu ghafla, hasa upande mmoja, au anayepatwa na kisunzi kikali pamoja na usemi kuvurugika au upande wa mwili kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni nuru. Tochi iwe kando ya kitanda, na njia ya kwenda msalani iondolewe mawe, kuni na kamba za mbuzi. Asiyesikia anahitaji kuona zaidi kuliko wenzake, kwa hiyo mtoto wa jicho naye atibiwe.

La tatu ni kuutumikisha mwili. Kutembea kila siku, kuinuka kitini mara kadhaa bila kushika, na kusimama kwa mguu mmoja huku mkono uko karibu na ukuta huimarisha misuli na kuufunza ubongo kutumia mashahidi waliobaki. Bakora si aibu, kwani ni mguu wa tatu unaoipeleka habari ya ardhi mkononi.

La nne linawahusu wengine. Usimwite mzee kutoka nyuma wala kumpigia kelele akiwa anashuka ngazi. Mwendee mbele, akuone uso, useme taratibu. Akiwa anavuka, subiri afike ng'ambo kwanza. Mwendesha bodaboda naye ajue kuwa honi si kibali cha kupita, kwani huenda aliye mbele yake hajaisikia.

Wahudumu wa afya wa kijamii, ambao huzuru boma kwa boma, wanaweza kuuliza maswali mawili tu kwa kila aliyepita miaka 60: Je, umeanguka mwaka huu? Je, watu hukulazimu kuwaomba warudie maneno? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, apewe rufaa kabla nyonga haijavunjika.

Gharama ya kupuuza ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika kaunti hii, ambayo ilipoteza watu wengi wa rika la uzazi kutokana na Ukimwi, si nyanya wachache waliobaki kuwa wazazi wa wajukuu wao. Nyanya akivunjika nyonga, chakula hakipikwi, omena hazianikwi, na mjukuu mkubwa huacha shule ili amuuguze. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wahenga walisema kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Masikio mengi yanayozungumziwa hapa hayajafa, bali yamechoka tu, na mengine yamezibwa na nta. Mzee wako akijikwaa tena mlangoni, mwangalie miguu, kisha mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa kisogo. Asipogeuka, mtafutie daktari wa masikio.